Namna ya kutathmini na kudhibiti vihatarishi vya bahari: mwongozo kwa kamati za BMU

Kikao cha kwanza cha tathmini nilichowahi kukiongoza kilizaa orodha ya matishio 31. Tuliyaandika kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi ya manila: baruti, juya (wavu wa kuburuta), uchafu, mabadiliko ya tabianchi, wageni kutoka vijiji jirani, meli, watalii, umaskini. Tukapiga makofi, tukanywa soda, karatasi ikabandikwa ukutani ofisi ya kijiji. Nilipopita tena mwaka uliofuata nikaikuta palepale, imepauka kwa jua, kona moja imechanwa na mtu aliyehitaji pa kuandikia namba ya simu. Kati ya yale matishio 31, hakuna hata moja lililokuwa limefanyiwa kazi.

Tangu hapo nafuata utaratibu mwingine, na ndio ninaoueleza hapa. Unazifaa kamati za BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za pwani, za mwambao wa Tanzania na Kenya, na kamati za wavuvi za shehia kule Zanzibar. Msingi wake ni kwamba kila kihatarishi kiwe na mtu wa kukifuatilia, na kiwe na kiwango kilichokubaliwa mapema kinachosema "hapa sasa tunachukua hatua". Kikikosa kimoja kati ya hivyo viwili, kitaishia ukutani.

Maneno mawili kwanza, maana yanachanganywa sana. Tishio ni kitu chenyewe: juya, tope, joto la maji. Kihatarishi ni tishio likishapimwa: lina uwezekano gani wa kutokea hapa kwetu, na likitokea litaharibu nini, kwa muda gani. Baruti ni tishio kila mahali, lakini kwenye kijiji ambacho mlio haujasikika kwa miaka mingi huenda isiwe kihatarishi cha kwanza.

Vifaa ni vichache. Daftari gumu, kamba ya mita 50, mizani ya kuning'iniza, miwani ya kuzamia miwili au mitatu, penseli. Kwa kuandikia majini, kata kipande cha ndoo nyeupe ya plastiki, kikwaruze kwa msasa, kitoboe tundu la kamba. Penseli huandika juu yake chini ya maji bila shida, na ukirudi nchi kavu unafuta kwa mchanga laini.

Hatua ya 1: Panga vikao kwa kalenda ya maji

Kikao cha kukaa na kuzungumza kiwekwe siku za maji mafu. Hizo ndizo siku ambazo wachokoa pweza na wakusanya chaza wako nyumbani, kwa sababu mwamba haukauki vya kutosha. Matembezi ya kwenda kuangalia yawekwe siku za bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yakitoka sana. Ukifanya kinyume utaongea na viti vitupu, kisha utapelekwa kuangalia mwamba uliofunikwa na maji ya kifua.

Waalike kwa kazi zao, wala usiishie kwa vyeo: wa dema (mtego wa kusuka), wa mshipi, wa jarife (wavu wa kunasa), wazamiaji, wachokoa pweza, wakulima wa mwani, wakata boriti wa mikokoni, wachuuzi. Na msimsahau anayekaanga samaki pale dikoni, vyombo vinaposhushia samaki. Huyo hushika kila siku samaki wa vyombo vyote, na ndiye wa kwanza kujua changu wameanza kuja wadogo, kwa kuwa kipande chake cha shilingi zilezile kinazidi kupungua.

Wanawake wakae peke yao kwanza. Hili nililijifunza kwa aibu. Asubuhi moja wanaume walichora ramani ya bahari yao kwa kijiti mchangani, miamba yote na majina yake, hata vilindi. Upande wa ndani, kati ya pwani na mwamba, wakaacha peupe. "Hapo hapana kitu, ni majani tu." Jioni tukakaa na kina mama juu ya ramani ileile. Bi mkubwa mmoja akainama, akaanza kuweka makombe palepale peupe: hapa pweza, hapa chaza, hapa tulikuwa tunapata jongoo bahari, hapa tasi wadogo hujaa wakati wa kaskazi. Alipomaliza akaniambia, "Mwanangu, hapo wanapoona hapana kitu ndipo nilipowasomesha watoto wangu." Ramani ya asubuhi ingetufanya tuache bila ulinzi sehemu yenye uhai kuliko zote.

Hatua ya 2: Orodhesha mlicho nacho kabla ya mnachokiogopa

Kamati nyingi huanza na maadui. Anzeni na mali. Andikeni sehemu zisizozidi kumi, kila moja kwa jina lake la kienyeji, kisha mbele yake kazi inayofanya. Mikoko ile ya mkono wa mto: malezi ya kamba na kaa, na inazuia tope lisifike nje. Majani ya bahari: malisho ya kasa na nguva, maficho ya tasi wachanga. Mwamba wa nje: chewa, pono, kikande, na ndio unaovunja mawimbi yasile pwani. Ufukwe fulani: kasa hutaga.

Tia alama maalumu kwenye sehemu zinazotumika kwa muda mfupi lakini bila hizo hakuna kinachoendelea. Mahali ambapo chewa hukusanyika kuzaa ni pa namna hiyo. Wavuvi wazee wanapajua, na mara nyingi hawapendi kupataja mbele ya vijana. Msiwalazimishe, andikeni "pana mazalio upande wa kaskazi wa mwamba" bila kutoa alama kamili. Ramani ya mazalio ikivuja hugeuka kuwa ramani ya kuvulia.

Hatua ya 3: Andika kila kihatarishi kama sentensi nzima

Neno moja kama "uchafuzi" halina mkia wala kichwa. Tumieni mtindo huu: *kwa sababu ya fulani, kitu fulani kinaweza kutokea, na tutapoteza fulani*. Kwa mfano:

"Kwa sababu shamba jipya limelimwa hadi ukingoni mwa mto, mvua za masika zitashusha udongo, tope litafunika majani ya bahari ya upande wa kusini, na tasi wachanga watakosa pa kukulia."

Sentensi hiyo ina chanzo, ina njia, ina kitakachopotea. Papo hapo unaona sehemu tatu za kushika: unaweza kuzungumza na mwenye shamba, unaweza kupanda miti ukingoni, unaweza kupima majani ya bahari kabla na baada ya masika. Neno "uchafuzi" lisingewapa hata moja.

Jihadharini na kumshika aliye karibu badala ya chanzo. Mfano ninaoupenda unatoka kwenye miamba ya Kenya, ambayo watafiti wameifuatilia kwa miongo kadhaa. Sehemu nyingi zinazovuliwa sana zilijaa vile viumbe vya miiba mirefu myeusi ambavyo kila mvuvi aliyewahi kuvikanyaga anavijua. Vikizidi, hukwangua mwamba hadi ukaisha nguvu, na hufyeka majani ya bahari. Ukimwuliza mtu atakwambia adui ni hao wenye miiba. Lakini ndani ya hifadhi za Malindi na Watamu, zilizotengwa tangu 1968, miiba hiyo ni michache, kwa sababu kikande yupo. Kikande huvipindua na kuvitafuna. Nje ya hifadhi kikande ameliwa, na yeye ni samaki anayeingia kwenye dema na kwenye ndoana kwa urahisi sana. Kwa hiyo sentensi sahihi inaanza hivi: "Kwa sababu kikande wanavuliwa wote..." Wapo waliopoteza siku nzima wakiponda miiba kwa nyundo, na baada ya muda ikarudi palepale.

Fanyeni hivyohivyo kwa kile kiti cha pweza chenye miiba kinachokula matumbawe. Ulizeni kwanza kwa nini wamezidi.

Hatua ya 4: Pima hali ya sasa, hata kama ni kwa kamba tu

Hapa ndipo kazi ilipo. Bila kipimo cha mwanzo, miaka mitatu baadaye mtakuwa mnabishana kwa kumbukumbu, na kwenye ubishi wa kumbukumbu mwenye sauti kubwa hushinda.

*Mwamba.* Chukua ile kamba ya mita 50, funga fundo au uzi wa rangi kila nusu mita. Utapata alama 100. Itandaze juu ya mwamba kufuata kina kimoja, usiipitishe mahali palipokupendeza. Mzamiaji mmoja aifuate polepole, na chini ya kila alama aandike kilichopo: tumbawe hai, tumbawe lililokufa, mwani, mchanga, vifusi. Kwa kuwa alama ni 100, hesabu inakuja yenyewe. Ukihesabu tumbawe hai mara 27, ni asilimia 27. Rudia kamba tatu au nne kila mwamba, na andika mahali zilipoanzia ili mwakani mrudi palepale. Mtafuteni ofisa uvuvi au mtafiti mmoja awasimamie mara ya kwanza. Mara ya pili hamtamhitaji.

Vifusi viandikwe peke yake, visichanganywe na tumbawe lililokufa. Tumbawe lililokufa likiwa limesimama, matumbawe machanga yanaweza kuota juu yake. Vifusi vya baruti hubingirika kila bahari ikichafuka, na kinachoota juu yake husagwa. Ndiyo maana shimo la baruti hubaki shimo kwa miongo.

*Majani ya bahari.* Tengeneza fremu ya mraba ya sentimita 50 kwa 50 kwa bomba la plastiki. Iweke kila baada ya hatua kumi, kadiria majani yamefunika kiasi gani cha mraba, piga picha kwa simu ukiwa umesimama wima. Zingatia mistari ya mchanga iliyonyooka katikati ya majani: hiyo ni njia ya juya au alama ya nanga.

*Samaki.* Pimeni dikoni, siku mbili kwa wiki, vyombo vichache. Andikeni idadi ya wavuvi, saa walizokaa baharini, zana, kilo. Chombo chenye watu 4 kikirudi na kilo 18, kila mvuvi amepata kilo 4.5. Jumla ya kilo za kijiji huficha ukweli, kwa sababu zinaweza kupanda kwa vile vyombo vimeongezeka huku kila mvuvi akipata kidogo zaidi. Kisha chagueni samaki wa aina tatu, tuseme tasi, changu na pono, na mpime urefu wa samaki 30 wa kila aina juu ya ubao wenye mistari ya sentimita. Waulizeni wanaowapara kama tumboni mlikuwa na mayai. Mkiona wengi wanaovuliwa hawajawahi kubeba mayai, hamhitaji kitabu kuwaambia maana yake.

*Joto.* Kipimajoto mnaweza kukikosa. Rangi ya matumbawe haiwezi kuwakosa. Kuanzia Januari, wazamiaji wawe wanaripoti wakiona matumbawe yanapauka na kuwa meupe.

Hatua ya 5: Pa alama, lakini usiziabudu

Uwezekano, 1 hadi 5. Moja: halijawahi kutokea hapa ila linaweza. Mbili: mara moja kwa miaka kumi hivi. Tatu: kila baada ya miaka michache. Nne: kila mwaka. Tano: kila mwezi au zaidi.

Madhara, 1 hadi 5. Moja: msimu ukipita halionekani tena. Tatu: itachukua miaka kadhaa kurudi. Tano: hatutaiona ikirudi katika uhai wetu.

Zidisha. Juya linaloburutwa kwenye majani ya bahari kila wiki: 5 mara 3, ni 15. Matumbawe kupauka kwa joto: 3 mara 4, ni 12. Nguva kunasa kwenye jarife: 2 mara 5, ni 10. Meli kupasuka na kumwaga mafuta: 1 mara 5, ni 5.

Sasa usifanye kosa la kupanga kwa hesabu hiyo tu. Kanuni ninayoisimamia, na hapa huwa nagombana na wenzangu wanaopenda majedwali, ni kwamba kihatarishi chochote chenye madhara 5 hakitoki ukurasa wa kwanza, hata kama zao lake ni dogo. Sababu iko kwenye uzazi. Pweza jike hutaga mara moja, akalinda mayai, akafa. Lakini vizazi vyake hukua kwa kasi, na mwamba ukipumzishwa miezi michache tu mtaona tofauti. Nguva huzaa ndama mmoja kila baada ya miaka 3 hadi 7, na mimba yake hupita mwaka. Nguva wa mwambao wa Afrika Mashariki wanakadiriwa kuwa chini ya 250 waliokomaa, na waliobaki Tanzania wapo zaidi eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa. Jarife moja likiua jike mmoja, hiyo si hasara ya msimu.

Mfano mwingine ni silikanti wa Tanga, samaki wa kale wa kina kirefu. Walianza kunaswa kwenye majarife ya kina kirefu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hifadhi yao ya bahari ikaanzishwa 2009. Utafiti wa magamba yao uliotoka 2021 ulionyesha wanaweza kuishi karibu miaka 100, na kwamba hubeba mimba kama miaka mitano. Samaki wa namna hiyo hana msimu wa kupona.

Kwa hiyo kwa kila kiumbe jiulizeni mawili: anazaa kwa kasi gani, na zana zetu zinamfikia kwa urahisi gani? Papa, taa, chewa wakubwa, kasa na nguva wana jibu baya kwa yote mawili. Chewa ana la ziada: wengi huanza maisha wakiwa majike na wakikua hugeuka madume. Mkivua wakubwa wote, mmebaki na mtaa wa wanawake watupu.

Jambo moja la mwisho kwenye alama. Wavuvi wa dema wakitoa 2 na wachokoa pweza wakitoa 5 kwa tishio lilelile, msiandike 3.5. Andikeni zote mbili na sababu zake. Tofauti hiyo mara nyingi inamaanisha kundi moja linaona kitu ambacho jingine halikifikii.

Hatua ya 6: Gawa kwa mikono

Chora mistari miwili kwenye daftari upate safu tatu: yaliyo mikononi mwetu, yanayohitaji mkono wa serikali au jirani, na yaliyo nje ya uwezo wa wote wawili.

Safu ya kwanza ni zana, misimu, maeneo, nanga, taka za dikoni, ukataji wa boriti. Hapo msisubiri mtu.

Safu ya pili ni baruti, vyombo vya nje, mashamba ya juu ya mto, miradi mikubwa. Kwenye baruti, kazi ya kamati ni taarifa: saa, mahali, mlio, rangi ya chombo, aliyeuza samaki. Kukamata ni kazi ya wenye silaha na sheria. Nimeona vijana wa doria wakimkimbiza mtu mwenye chupa ya baruti kwa mtumbwi wa ngalawa, na sitamani kuona tena.

Kwenye miradi, jifunzeni neno TAM, yaani Tathmini ya Athari kwa Mazingira. Bandari, hoteli ya pwani, uchimbaji mchanga, bomba: vyote hutakiwa kupitia hiyo, chini ya vyombo vya serikali vya mazingira: NEMC Tanzania Bara, NEMA Kenya na ZEMA Zanzibar. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, Tanga, kwenye bahari ileile ya silikanti. Kwa mradi wa ukubwa wowote, nendeni kwenye mkutano wa maoni mkiwa na daftari la hatua ya 4. Ombeni majibu ya maswali manne, kwa mfuatano huu: mnaweza kuepuka eneo hili kabisa? Kama haiwezekani, mtapunguzaje madhara? Mkimaliza mtarejeshaje? Na kitakachobaki kimeharibika mtakifidiaje, kwa nani? Wenye mradi wengi hupenda kurukia la nne. Warudisheni la kwanza. Na ombeni takwimu zenu ziingizwe kwenye ripoti, kwa sababu kisichoandikwa kwamba kilikuwepo hakiwezi kufidiwa.

Safu ya tatu ni joto na meli. Mwaka 1998 joto la El Niño liliua matumbawe mengi kuanzia Kenya hadi Msumbiji na Shelisheli, na tangu hapo limerudi zaidi ya mara moja. Kijiji hakiwezi kupoza bahari. Kinaweza kuhakikisha tumbawe linalougua halipigwi na kingine. Maji yakizidi kwa nyuzi moja tu juu ya wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote, matumbawe huanza kulemewa, na wiki zikilundikana hupauka. Kituo cha Coral Reef Watch cha Marekani hutoa tahadhari bure kwenye intaneti, na CORDIO, shirika la utafiti wa bahari lililoko Mombasa, hukusanya taarifa za kupauka kutoka ukanda wetu. Mkipata tahadhari: simamisheni kukanyaga mwamba huo, ondoeni nanga, na waacheni pono. Pono hula mwani unaotaka kuota juu ya tumbawe lililodhoofika.

Kuhusu meli, kumbukeni Mauritius. Meli ya Wakashio ilipanda mwamba tarehe 25 Julai 2020, na mafuta yakaanza kuvuja tarehe 6 Agosti. Siku 12 katikati. Kisha karibu tani 1,000 zikaingia baharini, na wananchi wakawa wanashona vizuizi vya kuelea kwa vitambaa na majani ya miwa. Kwa kihatarishi chenye uwezekano mdogo hivi, hatua inayotosha ni ya bei rahisi: namba za simu za TASAC (shirika la meli la Tanzania) au mamlaka ya bahari ya nchi yenu ukurasa wa kwanza wa daftari, na makubaliano ya ni mkono upi wa mikoko utakaozibwa kwanza.

Hatua ya 7: Chagua hatua chache, na tathmini hatari ya hatua yenyewe

Msichukue zaidi ya tatu kwa mwaka. Na kila hatua iulizwe: nayo italeta nini?

Nichukue kufunga mwamba wa pweza, maana ndiyo inayopendwa. Ilianza kupata sifa Madagaska mwaka 2004, kule Andavadoaka, na sasa iko Pemba, Unguja na sehemu nyingine za mwambao wetu. Mwamba unafungwa miezi mitatu hivi, pweza wanakua, unafunguliwa. Ni nzuri kwa sababu matokeo yanaonekana haraka na watu wanapata imani ya kufanya magumu zaidi.

Lakini kamati moja niliyokuwa ndani yake ilihesabu siku 90 kwenye kalenda ya ukutani, tukatangaza tarehe, tukamwalika mgeni rasmi, hema likafungwa. Hakuna aliyetazama mwezi. Siku ya ufunguzi ikaangukia maji mafu. Mwamba ulikuwa umefunikwa hadi kifuani. Wazamiaji wachache wenye miwani waliingia wakatoka na pweza wa kilo tatu tatu, na kina mama, waliojinyima miezi yote mitatu, walisimama pwani na vikapu vitupu wakiangalia. Msimu uliofuata nani angekubali kufunga? Ilituchukua karibu mwaka mzima kuwarudisha kikaoni.

Kwa hiyo: ufunguzi uwe bamvua. Saa mbili za kwanza ziwe za wanaotembea kwa miguu. Pweza wa chini ya nusu kilo arudishwe. Wekeni mizani pale pwani na bei ikubaliwe na wanunuzi siku kabla. Na ongeeni na kijiji jirani mapema. Mkifunga bila kuwaambia, wavuvi wenu watahamia kwao wakati wa kufunga, na wao watahamia kwenu siku ya kufungua, na faida yote itaondoka kwa siku mbili.

Eneo la kufungwa moja kwa moja ni jambo jingine. Wakenya huliita tengefu, na lile la Kuruwitu, Kilifi, lililoanzishwa na wavuvi wenyewe miaka ya 2000, ndilo ninalowapeleka watu kuliona. Anzeni na dogo. Na lipeni nguvu ya sheria ndogo kupitia halmashauri kabla ya kuweka maboya, vinginevyo mvunjaji wa kwanza mwenye wakili atawamaliza.

Hatua ya 8: Mpe kila kihatarishi mwenyewe na kiwango

Kiwango ni namba mnayoikubali mkiwa hamna hasira. "Tasi wakipungua" si kiwango. "Kilo za kila mvuvi wa dema zikishuka chini ya 3 kwa miezi miwili mfululizo" ni kiwango. Kikifikiwa, hatua iliyoandikwa inaanza bila kikao kipya cha kubishana kama kuna tatizo.

Mwenyewe awe mtu mmoja, si kamati. Awe anayekifikia kitu hicho kwa kazi yake ya kila siku. Kumpa mwenyekiti vihatarishi vyote ni sawa na kuvibandika ukutani.

Pitieni daftari mara mbili kwa mwaka, kusi ikiisha na kaskazi ikiisha, kwa sababu samaki, upepo na zana hubadilika pamoja. Msilinganishe Julai na Januari. Linganisheni kusi na kusi.

Ukurasa mmoja wa daftari huwa hivi:

Kihatarishi: Kwa sababu juya linaburutwa kwenye majani ya bahari ya upande wa ndani, majani yatang'oka na tasi wachanga watakosa malezi.
Alama: uwezekano 5, madhara 3. Wanawake wametoa madhara 4, wanasema sehemu ya karibu na mikoko haijarudi tangu ing'oke.
Kinachopimwa: fremu 20 za nusu mita, mistari miwili.
Hali ya mwanzo: majani yamefunika asilimia 60.
Kiwango: yakishuka chini ya 45.
Hatua: juya lote kuondolewa ndani ya mwamba, taarifa kwa ofisa uvuvi siku hiyohiyo, wenye juya wapewe nafasi ya kwanza kwenye mkopo wa mishipi na madema.
Mwenyewe: mkulima wa mwani wa kitalu cha tatu, maana hupita hapo kila bamvua.
Kupimwa tena: bamvua ya kwanza baada ya masika.

Mkimaliza kuandika, kila ukurasa upigwe picha kwa simu mbili tofauti. Daftari la pwani hulowa.